Kitanda cha Mama: Miaka Mia Moja na Ushee ya Tiba ya Watoto Dar es Salaam

Historia ya tiba ya watoto katika jiji letu husimuliwa kwa majengo, mashine na majina ya mabingwa. Nimekuwa muuguzi wa watoto hapa Dar es Salaam tangu miaka ya 1980 mpaka nilipostaafu, na mimi huisimulia kwa kumtazama mama wa mgonjwa: aliwekwa wapi, alipewa kazi gani, alilala juu ya nini. Kwa niliyoyaona wodini na niliyoyasoma baadaye, kila utabibu ulipomweka mama nje ya mlango watoto wetu waliumia, na kila ulipomwita ndani na kumkabidhi kazi watoto walipona. Ilichukua muda mrefu jambo hilo kupata ushahidi wa tarakimu. Ulipopatikana, sehemu yake ilitoka Muhimbili na sehemu nyingine Temeke, wilaya ninayoishi.

Niko Tandika. Mtaani kwetu, kwa Wazaramo na Wandengereko wenye mji na kwa sisi wengi tuliokuja tukashika desturi za hapa, mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mama yake au mkwe wake humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo, humpikia uji wa pilipili manga. Majirani huingia, humwona mtoto, huacha chochote walichojaliwa, huondoka. Mtoto hana mahali pengine pa kulala ila ubavuni mwa mama yake. Sitaisifu arobaini kwa kila kitu. Vitovu vimepakwa vitu visivyofaa, na wapo vichanga waliochelewa kufikishwa hospitali kwa sababu siku zilikuwa hazijatimia. Lakini kiini chake kilikuwa sahihi: mama na mtoto aliyezaliwa huuguzwa pamoja, hawatenganishwi. Hospitali ilichukua zaidi ya karne nzima kufika hapo.

Hospitali ya kwanza jijini kuwatibu Waafrika na Wahindi ilijengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuwauzia bidhaa wenye misafara kati ya Bagamoyo na bara. Ilifunguliwa 1897, mwaka aliofariki. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukweni, Ocean Road. Enzi hizo tiba ya watoto ilikuwa taaluma changa hata huko Ulaya, na walipokuja Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuja na nidhamu ya wodi za kwao: saa za kuona wagonjwa zina mwanzo na mwisho, kengele ikilia mgeni anatoka. Katika hospitali nyingi za Uingereza mzazi alimwona mwanawe aliyelazwa kwa saa chache tu, kwa hofu kwamba ataleta vijidudu, na kwamba mtoto atalia akimwona anaondoka. Ni mwaka 1959 ndipo kamati ya Sir Harry Platt iliposhauri serikali ya huko kwamba wazazi waruhusiwe kuja wakati wowote, na mtoto mdogo alazwe pamoja na mama yake.

Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikawa Muhimbili, ilifunguliwa Upanga 1956, binti mfalme mwenyewe akiwa ziarani Tanganyika. Ilijengwa basi kabla ya ushauri huo kutolewa. Wakubwa zangu kazini, waliovaa kofia nyeupe zilizopigwa wanga tangu zama hizo, walinisimulia kwamba kanuni ya kumtoa mama haikuweza kushika sana wodi ya watoto. Wauguzi walikuwa wachache mno. Mtoto wa miaka miwili mwenye surua anahitaji kunyweshwa, kufutwa, kubebwa, kubembelezwa usiku kucha, na muuguzi mmoja hawezi kuwafanyia hayo watoto thelathini. Kwa hiyo mama aliachwa ndani kwa sababu ya upungufu. Hakuna aliyeandika popote kwamba yeye ni sehemu ya matibabu. Alivumiliwa.

Upungufu wenyewe ulikuwa mkubwa. Tanganyika ilipopata Uhuru 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere au ng'ambo. Mwaka 1963 ilianzishwa Shule ya Utabibu ya Dar es Salaam, na 1968 ikawa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu. Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa taasisi moja. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kishiriki, mwaka 2000 hospitali ikawa Hospitali ya Taifa yenye bodi yake, na 2007 chuo kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Mabadiliko hayo ya majina na mabango tuliyaona sote, lakini wodini kazi iliendelea vilevile: daktari wa chuo ndiye daktari wa hospitali, na kitanda cha mgonjwa ndicho ubao wa kufundishia.

Mafundisho yenyewe yalikuwa na mizizi Uganda pia. Mulago, hospitali ya mafunzo ya Makerere, ilikuwa kitovu cha elimu ya utapiamlo wa watoto katika Afrika Mashariki. Hugh Trowell aliuchunguza ugonjwa wa kwashakoo huko kwa miaka mingi, na Derrick Jelliffe aliyemfuata kwenye somo la watoto alishiriki kuleta kituo cha Mwanamugimu katika miaka ya 1960. Wazo la kituo hicho lilikuwa rahisi. Mtoto mwenye utapiamlo hutibiwa kwa chakula, na chakula hicho hupikwa na mama mwenyewe, mbele ya muuguzi, kwa vitu anavyoweza kuvipata shambani au sokoni kwao. Siku anaporuhusiwa, anaondoka na tiba kichwani na mikononi. Wazo hilo nililikuta likifundishwa nilipoanza kazi, na kwangu ndilo lililomgeuza mama kutoka mtu wa kuvumiliwa kuwa mtu wa kufundishwa.

Kisha ikaja kliniki. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, na kliniki za mama na mtoto zikasambaa hadi zahanati za pembezoni, huku kwetu Mtoni na Mbagala na kule Mwananyamala na Magomeni. Kila mzazi wa kizazi changu anaukumbuka ule mzani unaoning'inia kwenye boriti, na kikaptula cha kitambaa ambamo mtoto huingizwa miguu akaachwa akining'inia huku analia. Muuguzi anasoma kilo, anaweka nukta kwenye kadi, anaunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda mama anatabasamu. Ukilala anaulizwa anampa nini mtoto. Jambo kubwa katika kadi ile ni kwamba ilikaa kwa mama. Faili la hospitali hubaki hospitali. Kadi ya kliniki ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikafichwa chini ya godoro pamoja na hati za nyumba, na mtoto alipougua ilitoka naye. Mama alikuwa amekabidhiwa kumbukumbu za afya ya mwanawe, na alizitunza vizuri kuliko makabati yetu.

Wodini nako walimu bora walijua thamani yake. Kati ya walioijenga taaluma hii nchini yupo Profesa Esther Mwaikambo, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Kitanzania kuwa madaktari, aliyesomea Umoja wa Kisovieti, akabobea katika watoto, akafundisha Muhimbili. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, mwaka 1987, na baadaye akaongoza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki kule Mikocheni, wilayani Kinondoni.

Katika raundi moja ya asubuhi ambayo haijanitoka, mwalimu mwingine, bingwa mtaratibu asiyepandisha sauti, alisimama kwenye kitanda cha mtoto wa miezi saba. Daktari mwanafunzi alikuwa na karatasi yake tayari: joto, mapigo ya moyo, majibu ya damu. Mwalimu akainua mkono kumsimamisha, akamgeukia mama.

"Mama, habari za usiku? Mwanao kanyonya?"

"Kanyonya mara moja, daktari. Lakini kwa kuvutavuta, kisha anaacha, anahema."

"Jana je?"

"Jana alikuwa ananyonya mpaka analala."

Mwalimu akawaambia wanafunzi waandike hilo kwanza, juu ya joto na juu ya damu. Mchana picha ya kifua ikaonyesha nimonia imesambaa. Mama alikuwa ameiona usiku, bila picha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na dalili za mwana pia.

Pamoja na heshima hiyo, mama yule hakuwa na kitanda. Nimefanya kazi katika wodi ambazo kitanda kimoja kililaza watoto wawili, msimu wa malaria hata watatu, kila mmoja na dripu yake, na mama zao wakakaa kwenye ukingo wa chuma mchana kutwa. Usiku walitandika kanga sakafuni, chini ya vitanda. Nilikuwa nikipita na tochi kuangalia dripu, nikikanyaga kwa uangalifu nisimkanyage mtu mkono. Walikuwa wametoka Yombo, Keko, Manzese, Tandale. Wengi waliacha watoto wengine kwa jirani. Walikuwa ndani ya mlango, lakini mchoro wa jengo haukuwatambua.

Ukimwi ulipoingia ulifungua jeraha jipya kati ya mama na mtoto. Virusi vilipita tumboni, wakati wa kujifungua, na katika maziwa. Kwa mara ya kwanza ilitubidi kumwambia mwanamke kwamba titi lake linaweza kumuua mwanawe. Ushauri wa kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulisema asinyonyeshe kama anaweza kupata maziwa mbadala kwa usalama na uhakika. Mjini Mbagala, ambako maji yalinunuliwa kwa ndoo na mafuta ya taa kwa kibaba, wangapi waliweza? Mtoto asiyenyonya aliepuka virusi akafa kwa kuhara. Na mama aliyebeba chupa barabarani alijitangaza kwa wakwe zake bila kusema neno.

Watafiti wa Muhimbili hawakuridhika na uchaguzi huo. Dk. Charles Kilewo na wenzake, wakishirikiana na Taasisi ya Karolinska ya Uswidi, waliendesha mradi wa Mitra hapa jijini: mama ananyonyesha, na mtoto anapewa dawa ya lamivudine kila siku katika kipindi chote cha kunyonya. Ukafuata Mitra Plus, ambapo dawa alipewa mama mwenyewe. Katika miradi yote miwili, matokeo yake yakichapishwa 2008 na 2009, watoto waliokuwa wameambukizwa walipofikia miezi sita walikuwa takribani 5 kati ya 100. Bila dawa wangekuwa wengi mara kadhaa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake, likakubali kunyonyesha kwa ulinzi wa dawa. Nakumbuka wanawake walivyopokea habari hiyo kliniki. Mmoja aliniuliza mara mbili, "Sista, nimnyonyeshe mwenyewe?" Nilipomjibu ndiyo, alifungua blauzi palepale kwenye benchi.

Jambo gumu kuliko yote lilibaki kwa watoto njiti. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, hospitali duniani kote zilishika imani moja: joto litoke kwenye mashine, mtoto akae chumba chake, mama akae wodi ya wazazi. Katika hospitali moja niliyofanya kazi, wodi hizo mbili zilitenganishwa na ngazi. Mama aliyejifungua kwa upasuaji hakuweza kuzishuka siku za mwanzo. Aliyeweza aliitwa kila baada ya saa tatu: anakamua maziwa kwenye kikombe, muuguzi anayavuta kwa bomba, anayashusha polepole kwa mpira uliopita puani mwa mtoto, na mama anarudi juu. Jioni moja binti wa miaka kama kumi na tisa, mkazi wa Buza, alinishika mkono kwenye korido. "Shikamoo mama. Mwanangu yuko hai?" Alikuwa hajamwona tangu amzae, siku ya pili ile. Nilimwambia yuko hai. Nilimshika kiuno tukashuka ngazi moja moja.

Umeme ulikatika, inkubeta, ile mashine ya joto, ikapoa. Au inkubeta moja ilibeba watoto watatu, mmoja akipata maambukizi wote wanapata. Hayo tuliyaona sote tuliofanya kazi hizo, katika hospitali nyingi, na walioyaona hawakulala vizuri.

Jibu lilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, ambako madaktari wenye inkubeta pungufu waliwafunga njiti vifuani mwa mama zao. Tanzania tuliipokea njia hiyo kwa jina la huduma ya kangaruu, kwanza katika hospitali kubwa, kisha ikashuka. Ngoja niieleze jinsi tunavyoifanya, maana wengi wameisikia na hawajaiona. Mtoto, tuseme ana gramu 1,300, huvuliwa nguo zote isipokuwa nepi, kofia na soksi. Mama hukaa kifua wazi. Tunamsimamisha mtoto wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijikunje, mikono na miguu imekunjwa kama ya chura. Kitambaa huzungushwa kuanzia usawa wa sikio la mtoto kushuka chini, kinakazwa mpaka mama akisimama mtoto hatelezi. Juu yake blauzi. Kisha mama huegemea, halali chali. Mwanzoni anaogopa hata kupumua. Baada ya muda unagusa nyayo za mtoto zilizokuwa za baridi, unakuta zina moto.

Lakini kwa miaka mingi mwongozo ulisema kangaruu ianze mtoto akishatulia: anapumua vizuri, hahitaji oksijeni, ameshavuka siku za hatari. Na siku za hatari ndizo ambazo wengi hawavuki. Kwa hiyo njia iliyokuwa na uwezo wa kuokoa ilikuwa ikiwafikia waliokwisha kuokoka.

Hapo ndipo idara yetu ya watoto ilipoingia katika utafiti ninaouona kuwa fahari ya kizazi changu cha wahudumu. Shirika la Afya Duniani liliteua hospitali tano, za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwa Tanzania ni Muhimbili. Miongoni mwa madaktari walioubeba ni Dk. Helga Naburi, bingwa wa watoto. Kuanzia 2017 watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na gramu 1,799 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walifuata utaratibu wa zamani. Kundi la pili waliwekwa kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, hata wakiwa kwenye oksijeni. Ili hilo liwezekane, ilibidi kuvunja mpangilio wa wodi: kitanda cha mama kikaingizwa ndani ya chumba cha uangalizi maalumu, na mkunga akamfuata mama humo humo kumhudumia kidonda na damu, badala ya mama kurudi wodi ya wazazi. Bibi au dada wa mama aliruhusiwa kumpokea mtoto mama akienda kuoga.

Watoto wa kundi la pili walikaa kifuani kwa wastani wa saa 17 kwa siku. Wale wa kundi la kwanza, wakiwa bado katika uangalizi maalumu, saa 1 na nusu. Jumla waliandikishwa watoto 3,211. Katika siku 28 za mwanzo walifariki asilimia 15.7 ya kundi la utaratibu wa zamani, na asilimia 12.0 ya waliowekwa kwa mama mapema. Yaani katika kila vifo vinne, kimoja kilizuiwa. Kamati iliyosimamia usalama wa utafiti ilipoona tofauti hiyo ilishauri usitishwe mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Matokeo yalichapishwa Mei 2021, na Novemba 2022 mwongozo wa dunia ukabadilishwa: kangaruu ianze mara moja.

Nataka msomaji azipime tarakimu hizo pamoja na nyingine za nyumbani. Takwimu za taifa za 2004–05 zilionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Takwimu za 2022 zilionyesha 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa ya mseto ya malaria na ile kadi ya kliniki vilifanya kazi hiyo. Lakini vifo vya mwezi wa kwanza wa maisha vilishuka kutoka 32 hadi 24 tu. Leo zaidi ya nusu ya watoto tunaowapoteza kabla ya miaka mitano tunawapoteza katika mwezi wa kwanza. Vita vimehamia chumba cha kujifungulia na wodi ya wachanga.

Na katika vita hivyo hospitali za wilaya zimekuwa madarasa sawa na Muhimbili. Temeke, Mwananyamala na Amana zilianza kama vituo vidogo. Leo ni hospitali za rufaa za mkoa, na mwanamke wa Chamazi au wa Tandale hujifungulia humo. Mafunzo ya kumsaidia mtoto kupumua, ambayo Dk. Augustine Massawe wa Muhimbili aliyasimamia pamoja na wataalamu wa Wizara tangu 2009, yalifundisha wakunga kwa mwanasesere wa mpira kwamba mtoto asiyelia apate pumzi ndani ya dakika moja. Hatua ya kwanza ni kumkausha na kumsugua juu ya tumbo la mama. Katika vituo vinane vilivyochunguzwa, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Mwaka 2017 na 2018, katika utafiti wa EN-BIRTH, watafiti wakiwemo Dk. Nahya Salim wa MUHAS na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara waliweka waangalizi usiku na mchana katika vyumba vya kujifungulia vya Temeke na Muhimbili, pamoja na hospitali tatu za Bangladesh na Nepal. Walishuhudia uzazi 23,471. Kila mwangalizi alikuwa na tableti, akiandika kilichotendeka na saa yake. Kisha wakalinganisha na tulichoandika sisi kwenye vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na walichokumbuka akina mama. Kuhusu kumnyonyesha mtoto ndani ya saa ya kwanza, vitabu katika hospitali hizo tano vilisema asilimia 86. Akina mama walisema 53. Waangalizi waliona 11.

Tarakimu hiyo iliniuma, maana nimejaza vitabu hivyo maisha yangu yote. Lakini ndiyo faida ya utafiti kutoka nje ya lango la chuo ukaenda Temeke. Ulituonyesha kwamba hata pale ambapo hakuna ngazi wala ukuta, mtoto hutolewa kwa mama katika saa ile: anapimwa, anafungwa kitenge, anawekwa pembeni, mkunga anakimbilia mzazi mwingine. Kutengana kulikuwa kumejificha ndani ya kazi ya kawaida.

Temeke hiyo hiyo, pamoja na Muhimbili, ilitumika kujaribu kupima siko seli kwa watoto wanaozaliwa, katika mpango uliotokana na kazi ya Profesa Julie Makani na wenzake ambao tangu 2004 wamewafuatilia maelfu ya wagonjwa wa siko seli. Tone la damu kutoka kisigino, kwenye kadi, kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Kati ya watoto 3,981 waliopimwa 2015 na 2016, 31 walikutwa na ugonjwa. Hao 31 mama zao walijua kabla ya vidole kuvimba kwa mara ya kwanza na kabla ya homa ya kwanza, na walifundishwa kugusa bandama tumboni kwa mkono wao. Zamani mama wa aina hiyo aliambiwa mwanawe karogwa.

Nikiyaweka pamoja haya yote, naona mkondo mmoja. Kadi iliyokaa chini ya godoro, chakula cha Mwanamugimu, swali la mwalimu kwenye raundi, dawa ya Mitra, kitambaa cha kangaruu: kila kimoja ni kazi aliyorudishiwa mama. Wala havikumpunguzia daktari heshima. Vilimwongezea mikono.

Bado kuna kazi. Serikali ilirekebisha sheria za kazi mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo ya uzazi, baada ya miaka ya kusemewa na watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti. Ni hatua ya maana kwa wenye ajira. Mama lishe wa Temeke sokoni na mfua nguo wa Kinondoni hawana mwajiri wa kuwapa likizo; saa 17 kwa siku za kangaruu ni saa 17 bila kipato. Mama wa namna hiyo anahitaji chakula wodini, bafu lililo karibu, na ruhusa kwa baba au bibi kumpokea. Baba afundishwe mapema kwamba kifua chake nacho kina joto. Nimewafunga akina baba kadhaa kitambaa hicho, na hakuna hata mmoja aliyekataa baada ya kuelezwa.

Halmashauri za Temeke, Kinondoni, Ubungo, Ilala na Kigamboni zinajenga. Kila bajeti inataja mashine za kusaidia kupumua, na ni sawa, zinahitajika. Nimewaona watoto wakiokolewa nazo. Naomba kila mganga mfawidhi na kila diwani anayepitisha bajeti hizo auulize mchoro swali la mama. Wodi ya wachanga ambayo haikuchorwa kitanda cha mama kando ya kila kitanda cha mtoto haijakamilika, na mchoro wake urudishwe kwa aliyeuchora kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.